Siku sita na Kimondo cha Mbozi: safari ya kutengeneza dokumentari ya dakika 11

Nimerudi Dar wiki tatu sasa na ndio kwanza nimemaliza kupanga picha na kupitia kidaftari changu, kidaftari chenyewe kimeingia vumbi jekundu mpaka kurasa zingine zimeshikana. Watu wengi wamenitumia meseji wakiuliza tulifikaje, tulitumia kiasi gani na ilikuwaje mpaka tukaruhusiwa kupiga picha, kwa hiyo naandika yote hapa siku kwa siku, nyie mnaopanga kwenda mchukue kinachowafaa.

Kwa asiyejua, Kimondo cha Mbozi ni pande la chuma lililotoka angani, lipo kijiji cha Ndolezi, mteremko wa mlima Marengi, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe (zamani yote hiyo ilikuwa Mbeya, Songwe imekuwa mkoa 2016). Urefu kama mita 3, kimo kama mita 1, na uzito wengine wanaandika tani 12 wengine tani 16. Ni kati ya vimondo vikubwa kabisa duniani, kikubwa kuliko vyote kipo Namibia kinaitwa Hoba, hicho kinakadiriwa tani 60. Sisi tunacho cha kwetu, na nusu ya watu niliokua nao mtaani hawajawahi hata kuona picha yake. Hilo ndilo lilinitoa nyumbani.

Kabla ya kuondoka

Vibali kwanza, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, halafu Kimondo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa hiyo barua nyingine inaenda kwao, na ukifika kijijini unaripoti kwa mtendaji kabla hujafungua hata begi la kamera. Barua yetu moja ilikaa kwenye ofisi fulani wiki mbili haijasomwa, tunapiga simu kila asubuhi tunaambiwa kesho, mpaka dada mmoja wa mapokezi akainuka mwenyewe akaitafuta kwenye rundo na akaipeleka kwa mhusika kwa mkono. Dada yule simjui jina ila bila yeye hii safari isingekuwepo. Anza barua mwezi mmoja na nusu kabla, usidharau hili.

Droni tuliiacha. Inataka vibali vyake, ikiwemo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na muda ulikuwa umekwisha.

Tulikuwa watatu: mimi, jamaa wa kamera, na dada wa sauti. Kamera moja ya kukodi, traipodi, maiki mbili za kubana kwenye nguo, maiki moja ndefu na manyoya yake ya kuzuia upepo, na kimaiki kidogo cha kubandika ambacho dada wa sauti alikibeba kwa kukisisitiza sana na mimi nikawa naona kinaongeza mzigo tu. Nitakirudia.

Siku ya 1, Jumatatu: Dar mpaka Mbeya

Basi saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Mbezi, nauli elfu 50 kila mtu. Ni kilomita kama 830, andaa mgongo. Mpaka Morogoro hakuna cha kusimulia, tulilala. Mikumi barabara inakatisha katikati ya hifadhi kama kilomita 50, tukaona swala, twiga wawili na tembo mmoja kwa mbali, dereva alipunguza mwendo vizuri sana maana pale ukigonga mnyama ni faini.

Ruaha Mbuyuni basi lilisimama, vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwenye neti nyekundu mpaka unaona kama ukuta, wauzaji wanakimbilia madirishani. Usinunue ukiwa unakwenda, nunua ukiwa unarudi, sisi tulibeba neti nzima mpaka Songwe na tukarudi nayo Dar.

Halafu Kitonga. Wanaoijua wanajua, mlima una kona zimebana na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa kunguruma. Siku hiyo lori moja lilikuwa limekatika katikati ya kona, foleni ikasimama juu na chini, tukakaa pale saa tatu na dakika kumi, nimeandika kwenye daftari. Watu wakashuka, wengine wakakaa kwenye kingo za barabara, watoto wakaanza kulia njaa. Mama mmoja wa siti ya nyuma yetu akafungua hotipoti yake, chapati na maharage, akaanza kugawa bila kuuliza nani ni nani. Nikasema mama asante sisi tumekula, akasema "kula mwanangu, chakula cha safari hakina mwenyewe."

Tukaanza kuongea. Anaenda Tunduma kwenye biashara zake. Nilipomwambia tunafuata Kimondo akanyamaza kidogo, akasema "Mimi nimezaliwa Mlowo. Nimekisikia tangu naanza shule, miaka yote hiyo sijawahi kwenda kukiona." Akachukua simu yake akanipa namba ya mdogo wake anayeendesha boda pale Mlowo, akampigia palepale Kitonga kumwambia kuna wageni wake watatu wanakuja. Namba hiyo ilituokoa siku zote zilizofuata.

Mbeya tuliingia saa 7 usiku. Baridi ya Julai ilitupokea mlangoni mwa basi, tukalala gesti karibu na stendi, vyumba viwili elfu 25 kila kimoja, bafuni maji ya moto yapo.

Siku ya 2, Jumanne: Mbeya, Mlowo, Ndolezi

Asubuhi tulipitia mitumba kununua masweta, elfu 5 kila moja. Kama unakwenda Juni au Julai na umezoea pwani, beba jaketi zito, na soksi, vidole vikiganda huwezi hata kuzungusha fokasi.

Kosta ya Tunduma elfu 4 mpaka Mlowo. Njia ni Mbalizi, halafu mteremko wa Senjele ambapo madereva wa malori wanashuka taratibu sana, na mashamba ya kahawa yanaanza kuonekana. Ilikuwa msimu wa kuvuna, kila nyumba ina kichanja cha kuanikia na akina mama wamesimama wanachambua, harufu yake sio ya kahawa tunayoijua mjini, inanukia kama tunda linaloanza kuchacha.

Mlowo yule mdogo mtu alikuwa anatusubiri stendi na boda wenzake wawili. Tukakubaliana elfu 30 kwa siku, pikipiki tatu, kwenda na kurudi. Kutoka lami mpaka Kimondo ni kilomita kama 13 na kiangazi vumbi lake ni jingi, funga kamera kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi, zipu peke yake haitoshi.

Kwa mtendaji tulikaa nusu saa, alisoma barua zote mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na sisi tutaiona hiyo filamu?" Nikaahidi. Tukalipia kiingilio, malipo ni kwa kontroo namba kwa hiyo hakikisha simu ina salio.

Jioni hiyo hatukutoa kamera. Nilitaka kukiona kwanza kwa macho yangu. Udongo wa pembeni ulishachimbwa zamani, kwa hiyo kimebaki juu ya nguzo iliyoimarishwa kwa zege, kimelala kama mnyama mkubwa aliyekunja miguu. Rangi yake ni ya kahawia iliyoiva, ngozi yake imejaa vibonyeo, vingine vidogo vya kuingia kidole, vingine vinaingia ngumi nzima. Jamaa wa kamera alikizunguka mara tatu hasemi kitu. Hakuna shimo kubwa popote pale, yaani lile shimo ambalo ungetegemea kitu cha tani zote hizo kiache kikianguka, ardhi imetulia tu na mahindi yamelimwa huko mbele.

Siku ya 3, Jumatano: sauti ya chuma

Tulikuwa getini saa 12 kasoro asubuhi, muongoza wageni alikubali kuja mapema kwa ajili yetu. Umande ulikuwa umetanda juu ya Kimondo chote, matone yamekaa kwenye vile vibonyeo. Niliweka kiganja nikakitoa haraka. Ubaridi wake sio wa jiwe. Jiwe linakupoza taratibu, hiki kinavuta joto la mkono wako kwa mara moja mpaka unahisi kwenye mfupa.

Muongoza wageni alituonyesha pale kilipokatwa. Mwaka 1930 mpima ardhi anayeitwa W. H. Nott ndiye alikipeleka kwenye masikio ya wataalamu, na Desemba mwaka huohuo mjiolojia D. R. Grantham akaja na msumeno wa chuma kukata kipande cha ncha, sentimita kama 10, kwa ajili ya uchunguzi. Ilichukua saa kumi. Saa kumi za kusugua msumeno kwa kipande cha kushika mkononi! Chuma asilimia 90 na kidogo, nikeli karibu 9, na hiyo nikeli ndiyo inayokifanya kiwe kigumu hivyo. Ule mkato upo mpaka leo, uso wake umenyooka wakati mwili mzima hauna sehemu iliyonyooka, nilipitisha kidole pale nikaona hii ndiyo picha ya kufungulia filamu.

Kuna jambo lilinigusa zaidi. Wanyiha wa hapa walikuwa wafua chuma tangu enzi, walikuwa na matanuru yao ya kuyeyushia udongo wenye chuma, kazi ya jasho na kuni nyingi. Na wakati wote huo pande la chuma tupu limelala mlimani kwao. Walikijua, kilikuwa na miiko yake, hakikuwa kitu cha kwenda kutangaza kwa wageni. Kwenye vitabu utasoma "kiligunduliwa 1930", mimi kwenye filamu neno hilo nimelitoa, nimesema mwaka huo ndio wageni walipokijua.

Upepo ulianza saa 3 na ukatuharibia mahojiano, maiki ndefu ikawa inapokea fuuu tupu hata na manyoya yake. Hapo ndipo dada wa sauti akatoa kile kimaiki cha kubandika, akaomba ruhusa, akakibandika pembeni ya Kimondo kwa gundi ya karatasi isiyoacha alama. Akavaa hedfoni, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, halafu akanivalisha mimi. Upepo wote ulipotea. Nikawa nasikia tik, tik, tik-tik, ndogo sana, za mbali, kama mtu anadondosha punje za mchele ndani ya mtungi. Ni chembe za mchanga zinapeperushwa na upepo zinagonga chuma. Muongoza wageni alipovaa hedfoni alicheka kwa mshangao, akasema miaka yote anayofanya kazi pale hajawahi kusikia. Tulirekodi dakika 20 nzima, na sauti hiyo ipo chini ya filamu yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Ushauri: usigonge Kimondo kwa jiwe ili usikie mlio. Watu wanafanya hivyo na alama zinabaki. Dada wa sauti aligusisha pete yake tu, kwa ruhusa, ikatosha.

Usiku gesti ya Mlowo, vyumba viwili elfu 20 kila kimoja, ugali na maharage mabichi elfu 3 sahani, maharage ya Mbozi jamani sijui wanayafanyaje. Umeme ulikatika saa 2 tukachaji betri kwenye duka la jirani, mwenye duka ana sola, hakutaka hela, alitaka kuona picha tulizopiga.

Siku ya 4, Alhamisi: bibi

Asubuhi tuligundua mahojiano na muongoza wageni hayapo. Memori kadi moja ilikuwa mbovu, faili linaonekana ila halifunguki. Tokea siku hiyo nakili kila usiku sehemu mbili kabla ya kula, sio baada ya kula. Tulipomweleza, tukiwa tumejiandaa kuomba radhi kwa maneno mengi, alijibu "twende tu tuongee tena, leo nitasema vizuri zaidi", na kweli alisema vizuri zaidi.

Mchana yule boda wetu akasema kuna bibi mmoja si mbali na pale, alichunga sana mbuzi upande huo akiwa mtoto, mkaongee naye. Tulimkuta kwenye kichanja anachambua kahawa. Shikamoo bibi. "Marahaba wajukuu, mmetoka wapi na mavumbi yote hayo?" Hakukubali tuanze kurekodi mpaka tule, akatuletea viazi vilivyochemshwa na parachichi, na chai ya rangi, na wakati tunakula tukamsaidia kuchambua, punje mbovu huku nzuri kule.

Nilimuuliza swali ambalo niliona ni zuri, anajisikiaje kuishi jirani na kitu kilichotoka angani. Akaniangalia. Akasema yeye hilo la angani aliambiwa na walimu baadaye. Wao wakiwa wadogo walikuwa wanajua kitu kimoja: jioni, jua likizama na baridi ikianza, kila kitu kinapoa ila lile chuma bado lina joto. Kwa hiyo watoto wachungaji walikuwa wanakimbilia kule, wanaegemeza migongo, mpaka wanasikia wanaitwa nyumbani. "Lilikuwa jiko letu lisilokuwa na moto," akasema.

Nilikuwa na maswali kumi na nne kwenye karatasi. Niliikunja nikaweka mfukoni.

Siku ya 5, Ijumaa: kiwiko

Asubuhi tulipiga mandhari, mlima, mashamba, watoto wa shule, hakuna cha ziada. Mchana tulipanga vipande haraka kwenye laptopu, tukarudi kwa bibi kumwonyesha kabla hatujaondoka, maana tulitaka aridhike na maneno yake. Aliangalia kimya mpaka mwisho, dakika sita hivi wakati huo. Halafu akasema:

"Ni nzuri. Lakini mbona mmepiga upande mmoja tu?"

Nikamwambia bibi tumekizunguka chote. "Hapana, mmeng'ang'ania pale walipokata wazungu. Upande wetu sisi haupo."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimependa ule mkato mpaka nikasahau kuuliza wao walikuwa wanakaa wapi. Tukamwomba twende naye, boda yupo, tutamshika vizuri. Akakataa, magoti yanamuuma na yale mavumbi hayawezi. Akamwita mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na moja, akamwambia nenda nao ukanikalie mahali pangu.

Tulifika saa 11 na nusu jioni, karibu na muda wa kufunga, muongoza wageni akasema atabaki na sisi mpaka tumalize. Kijana akampigia bibi yake, simu kwenye spika. Na bibi akaanza kumwelekeza kutoka nyumbani, hakioni, miaka mingi hajafika: zunguka upande jua linakozama, simama, songa kulia, sio huko, rudi, kuna mahali pametokeza kama bega umeliona? Chini ya hilo bega. Egemea. Sasa tafuta kwa kiwiko cha kushoto, kuna kibonyeo.

Kijana akawa anasogeza kiwiko taratibu juu ya chuma. Sisi wote tumenyamaza, jamaa wa kamera alikuwa ameshaanza kurekodi bila kuambiwa.

"Nimekiona bibi."

"Kinaingia?"

"Kinaingia."

"Kuna joto?"

Akageuza uso akaweka shavu kabisa. Jua lilikuwa limebaki kama ukucha juu ya mlima na sweta zetu zilikuwa zimefungwa mpaka shingoni. Akasema "lipo bibi, lipo joto", na kwenye simu tukasikia bibi anacheka, cheko refu la mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Niliweka mkono pembeni ya kile kiwiko. Kile chuma kilichonigandisha siku mbili nyuma asubuhi kilikuwa vuguvugu kama ukuta wa jikoni.

Siku ya 6, Jumamosi: kurudi

Kosta mpaka Mbeya, basi la usiku mpaka Dar, tulilala njia nzima.

Gharama zetu watu watatu: nauli za basi laki 3 kwenda na kurudi, kosta elfu 24, malazi laki 2 na elfu 10, boda laki 1 na elfu 20 kwa siku nne, chakula kama laki 1 na elfu 80. Jumla laki 8 na elfu 34, bila vibali, viingilio, masweta na kukodi kamera. Mkiwa wawili na mkatumia pikipiki mbili itashuka sana.

Wakati mzuri wa kwenda ni kiangazi, Juni mpaka Oktoba, na kama unapenda shamrashamra angalia tarehe 30 Juni, ndiyo siku ya kimataifa ya vimondo na sayari ndogo kwa kumbukumbu ya mlipuko wa Tunguska kule Siberia mwaka 1908, Mbozi pia huwa wanaiadhimisha. Kama unataka utulivu wa kurekodi sauti nenda siku nyingine, asubuhi kabla ya saa 3.

Filamu imetoka dakika 11. Nakala tatu za flashi zimeondoka juzi na basi: moja ya mtendaji, moja ya muongoza wageni, moja ya bibi. Yule mama wa chapati tulimtumia kwa simu. Amejibu kwamba mwezi ujao akitoka Tunduma atashuka Mlowo, mdogo wake atampeleka, na ameniuliza kile kibonyeo kipo upande gani hasa.